SOMO LA MWEZI HUU: GARI BILA EKZOSI KAMILI, JE, INJINI INAUMIA?

 

Mara nyingi katika ukurasa huu tunazungumza juu ya mbuzi wa maziwa, miche, vyoo na vitabu vya hesabu. Mwezi huu tunazungumza juu ya gari. Msishangae. Vikundi vingi siku hizi vina pikapu, ama vinakodi pikapu ya jirani, na vijana wetu wengi wanakula kwa jasho la bodaboda. Gari la kikundi ni mali kama vile ng'ombe wa kikundi. Anayelitunza ni lazima ajue linakula nini na linaugua nini.

Mambo yalivyoanza

Kikundi kimoja tunachokitembelea kina pikapu ya petroli. Asubuhi inabeba maziwa, mchana inabeba ndizi, makadamia na watu. Barabara ya kupanda kwenda upande wa majani chai ina mawe, kama mnavyojua. Siku moja jiwe liligonga chini ya gari na ekzosi ikakatika katikati, chini ya viti vya mbele. Dereva alikifunga kipande cha nyuma kwa waya. Baada ya siku mbili alichoka nacho, akakitoa kabisa.

Mkutano ukaitwa. Dereva akasimama akasema, "Akina mama, msiwe na wasiwasi. Gari sasa imepata nguvu kuliko mbeleni. Ekzosi ni ya kupunguza kelele tu."

Mzee mmoja aliyekuwa dereva wa lori zamani akakataa. "Hapana, kijana wangu. Injini bila ekzosi inachoma valvu. Mtakuja kununua injini nzima."

Mama mweka hazina naye akasema pesa iliyoko ni ya chakula cha ng'ombe, kwa hivyo afadhali tungoje malipo ya kahawa. Kisha wakatugeukia sisi tutoe maoni. Nasi tukasema kwamba kama gari linatembea, basi tungoje. Tulikosea, na tutawaeleza hapa chini vile tulivyojua kwamba tumekosea.

Baadaye tulienda kuwauliza mafundi wa jua kali, tukasoma, tukauliza tena. Tuligundua kwamba dereva alikuwa na nusu ya ukweli, na mzee naye alikuwa na nusu. Lakini jambo kubwa kuliko yote hakuna aliyelitaja mkutanoni, hata sisi.

Ekzosi inafanya kazi gani?

Injini ya gari hufanya kazi nne kwa zamu. Kwanza inavuta hewa na mafuta. Pili inayakandamiza. Tatu inayachoma, na hapo ndipo nguvu inapotoka. Nne inasukuma moshi nje kupitia valvu ya kutolea moshi. Moshi huo unaingia kwenye manifoldi, yaani ile mirija ya chuma iliyofungwa ubavuni mwa injini, kisha unafuata bomba refu chini ya gari mpaka nyuma.

Njiani bomba hilo linafanya kazi nne:

1. Linaondoa moto. Moshi wa injini ya petroli ukitoka kwenye valvu unaweza kupita nyuzi 600 za sentigredi gari likiwa na mzigo. Ukisafiri ndani ya bomba unapoa kidogo kidogo.

2. Linapunguza kelele. Hii ni kazi ya sailensa, lile kopo kubwa lenye vyumba ndani yake.

3. Linasafisha moshi. Magari mengi ya petroli ya siku hizi yana kifaa ambacho mafundi wanakiita katalitiki. Kwa ndani kinafanana na sega la nyuki. Kimepakwa madini ya bei ghali kama platinamu na paladi, na kinageuza gesi za sumu kuwa gesi zisizo na madhara makubwa.

4. Linapeleka moshi mbali na watu. Bomba limefika nyuma kabisa kwa sababu hiyo.

Je, gari linapata nguvu kweli?

Dereva wetu hakusema uongo. Gari linaweza kuonekana lina nguvu baada ya ekzosi kukatika. Lakini sababu mara nyingi ni mojawapo ya mbili. Ya kwanza ni kelele. Gari likinguruma, mtu anadhani linakimbia. Ya pili ni kwamba pengine bomba lilikuwa limeziba tangu zamani, ama kwa kutu iliyoanguka ndani ya sailensa, ama kwa katalitiki iliyoyeyuka. Injini ikizibwa pumzi inachemka na kukosa nguvu. Ukikata bomba, inapumua. Kwa hivyo gari likipata nguvu nyingi baada ya kukatika ekzosi, usifurahi tu. Mwambie fundi akague kile kipande kilichotoka, maana huenda ndicho kilichokuwa kinaumiza injini.

Kuna wanaosema injini inahitaji kuzuiliwa moshi kidogo ili ifanye kazi. Hiyo si kweli. Injini haitaki kuzuiliwa. Inachotaka ni moshi utoke kwa mpango, kwa bomba la upana na urefu uliopimwa. Ndiyo sababu bomba jembamba kupita kiasi ni baya, na bomba lililokatwa ovyo nalo halileti faida.

Je, injini inaumia?

Jibu linategemea bomba limekatika wapi.

Kama limekatika nyuma, baada ya katalitiki na baada ya sensa zote, injini yenyewe haitakufa kwa sababu hiyo. Utapata kelele na hatari ya moshi, lakini valvu na pistoni zitaendelea na kazi yake. Hapo dereva alikuwa na haki.

Kama limekatika au limepasuka mbele, karibu na injini, mambo ni mengine. Hapo mzee wetu alikuwa na haki. Tazameni yafuatayo:

Kwanza, magari yenye kompyuta. Gari la petroli lenye injeksheni lina sensa ya oksijeni ndani ya ekzosi. Kazi yake ni kunusa moshi na kuiambia kompyuta kama mafuta ni mengi au ni kidogo. Moshi hautoki kama maji ya mfereji. Unatoka kwa mapigo kama moyo, na kati ya pigo na pigo ufa unavuta hewa ya nje iingie ndani. Sensa inanusa hewa hiyo na kudanganyika, inasema hewa ni nyingi, mafuta ni kidogo. Kompyuta inaongeza mafuta. Plagi zinakuwa nyeusi, na katalitiki inapata moto kupita kiasi.

Hebu tufanye hesabu. Tuseme pikapu inatembea kilomita 1,200 kwa mwezi. Ikienda kilomita 10 kwa lita moja, itatumia lita 120. Ikishuka mpaka kilomita 9 kwa lita, itatumia lita 133. Hizo ni lita 13 kila mwezi zinazopotea kwa ufa ambao ungezibwa kwa nusu siku. Zidisheni wenyewe kwa bei ya petroli ya leo.

Pili, magari ya zamani ya kabureta. Haya hayana kompyuta ya kujirekebisha. Ekzosi ikibadilika sana, mchanganyiko unaweza kuwa na hewa nyingi kuliko mafuta, na mchanganyiko wa namna hiyo unachoma kwa joto kali. Gari likipanda mlima na mzigo siku nyingi katika hali hiyo, valvu ya kutolea moshi inaweza kuungua. Hiki ndicho mzee alichokiona enzi zake. Kuendesha gari likiwa halina hata manifoldi ni kubaya zaidi.

Tatu, dizeli yenye tabo. Tabo inazungushwa na moshi. Ufa ukiwa kabla ya tabo, moshi unatorokea njiani, tabo inapoteza kasi, gari linakosa nguvu na kutoa moshi mweusi.

Nne, moto. Moshi ukitokea chini ya injini badala ya nyuma, unachoma kila kilicho karibu: waya, stata, paipu za breki, paipu za mafuta, hata sakafu ya gari. Gari likiegeshwa juu ya nyasi kavu au majani ya migomba, linaweza kuwasha moto.

Tano, kelele inaficha ugonjwa. Injini ikianza kugonga, au beringi ikilia, dereva hasikii. Injini nyingine hufa kwa ugonjwa ambao ungesikika mapema kama si kelele ya ekzosi.

Jambo ambalo hatukulitaja

Sasa turudi kwenye pikapu yetu. Ilikuwa mwezi wa Julai, na mnajua baridi ya huku kwetu mwezi huo, ukungu mpaka saa nne. Pikapu ilitoka alfajiri na maziwa. Mbele kwa dereva alikaa mama mmoja mjamzito aliyekuwa akienda kliniki, pamoja na mtoto wake mdogo. Kwa sababu ya baridi, vioo vilifungwa vyote.

Kufika nusu ya safari, mtoto akasema kichwa kinauma. Halafu akatapika. Mama akadhani ni njaa, ama malaria inaanza. Dereva mwenyewe alikuwa na kichwa kizito, akadhani ni usingizi. Mama aliposhuka, miguu haikumbeba. Akaanguka pale pale mlangoni.

Wahudumu wa kituo cha afya walipowatazama wote watatu, wakauliza swali moja: "Mmekuja na gari gani?" Kisha wakasikia mngurumo wa ile pikapu ikigeuzwa nje.

Sumu hiyo inaitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikohoi mtu. Harufu mnayoisikia kwenye moshi ni ya gesi nyingine. Ndiyo ile ile inayoua watu wanaoingiza jiko la makaa ndani ya nyumba na kufunga mlango. Ikiingia kwenye damu, inashika mahali pa oksijeni, na inashika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Mtu anapumua, lakini damu haibebi uhai. Mtoto aliye tumboni anaumia zaidi, kwa maana anategemea damu ya mama.

Ekzosi ya pikapu ilikuwa imekatika chini ya viti. Sakafu ilikuwa na matundu ya kutu. Moshi ulipanda moja kwa moja.

Tunamshukuru Mungu, walipewa oksijeni na wote walipona, na mama alijifungua salama. Lakini sisi tuliokaa mkutanoni tukasema "tungoje malipo ya kahawa" hatukulala vizuri. Tulikuwa tumebishana juu ya injini nusu saa nzima, na hakuna aliyeuliza juu ya watu watakaokaa ndani. Injini ikifa hununuliwa nyingine.

Wanaokaa nyuma chini ya turubai nao wasidhani wako salama. Gari likikimbia, hewa ya nyuma yake huzunguka na kurudi ndani, na moshi huja nayo. Moshi wa dizeli una madhara mengine pia. Mwaka 2012 wakala wa Shirika la Afya Duniani unaochunguza saratani uliuweka katika kundi la vitu vinavyojulikana kuleta saratani kwa binadamu.

Vijana wa bodaboda na sailensa

Vijana wetu, msikasirike. Tunajua baadhi yenu mnatoa sailensa ili pikipiki isikike kutoka Kanja mpaka ng'ambo ya mto. Mnaambiana ati pikipiki inakuwa nyepesi. Pikipiki nyingi za kazi ni za kabureta, kwa hivyo yale tuliyosema juu ya mchanganyiko wenye hewa nyingi yanawahusu. Tena bomba lililobaki fupi linachoma mguu wa abiria, hasa akina mama na watoto wa shule.

Masikio nayo hayana spea. Wataalamu wa afya ya kazini wanasema kelele ya desibeli 85 kwa saa 8 kila siku inatosha kuharibu usikivu polepole, na pikipiki isiyo na sailensa hupita hapo kwa mbali. Sheria pia ipo. Kanuni za Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, zinataka gari liwe na sailensa, na kuna kanuni za kudhibiti kelele zilizotolewa mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira.

Kwa nini mafundi wengine hutoa katalitiki?

Kuna sababu ya zamani na sababu ya sasa. Zamani petroli yetu ilikuwa na madini ya risasi, na risasi huua katalitiki. Gari lililotoka nje likiwa nayo lilikosa nguvu baada ya muda mfupi, na fundi alikuwa na haki ya kuitoa. Lakini nchi za Afrika zilikubaliana huko Dakar mwaka 2001 kuacha petroli ya risasi, na kufikia mwaka 2006 Kenya na majirani zake walikuwa wameiacha. Sababu hiyo imekwisha.

Sababu ya sasa ni biashara. Yale madini ya ndani yana bei, na wako watu wanaonunua katalitiki kuukuu. Ukipeleka gari kwa fundi usiyemjua, kaa hapo uone. Ukiambiwa imeziba, omba uoneshwe. Kama kweli imeziba na hamna uwezo wa kununua nyingine sasa, angalau bomba zima liunganishwe mpaka nyuma bila ufa.

Jinsi ya kukagua wenyewe

1. Kagueni gari likiwa nje mahali wazi, kamwe si ndani ya gereji iliyofungwa.

2. Washeni injini asubuhi ikiwa baridi, msikilize. Sauti ya "tik-tik-tik" karibu na injini, ambayo inapungua injini ikipata moto, mara nyingi ni gasketi ya manifoldi au ufa.

3. Zimeni, mngoje chuma kipoe, kisha mtazame maungio yote. Alama nyeusi ya masizi inaonyesha mahali moshi unapotokea.

4. Tikiseni bomba kwa mkono. Raba za kuning'inizia zikiwa zimekatika, bomba litavunjika karibuni. Raba ni za bei ndogo kuliko sehemu zote za ekzosi.

5. Inueni zulia la ndani mtazame sakafu. Tundu lolote lizibwe.

Mtu asiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Wekeni vigingi imara na mzuie magurudumu.

Jinsi ya kutengeneza

Kama hamna pesa ya bomba jipya, fundi wa kuchomelea anaweza kuunganisha la zamani vizuri. Mkumbusheni atoe waya wa betri kabla ya kuchomelea kwa umeme, ili kompyuta ya gari isiungue, na asichomelee karibu na tangi au paipu ya mafuta. Bomba atakalounga liwe na upana ule ule wa zamani.

Kufunga mkebe wa bati kwa klampu ni dawa ya kufikia kwa fundi, si dawa ya mwaka mzima. Mkisafiri hivyo, fungueni vioo hata kama kuna baridi, na msibebe mama mjamzito wala mtoto.

Na kama mtu ameumwa kichwa, amepata kizunguzungu au kichefuchefu ndani ya gari, na hasa kama ni zaidi ya mtu mmoja, simamisheni gari. Zimeni injini, tokeni nje kwenye hewa safi, mwende kituo cha afya. Msimwambie alale kwanza.

Kile kikundi kilifanya nini?

Kwanza kilitengeneza ekzosi wiki ile ile, kwa mkopo mdogo kutoka kwa wanachama. Pili, kilianzisha mfuko wa gari. Kila safari inayoleta pesa, sehemu ndogo inaingia humo kabla ya kitu kingine chochote, na haiguswi kwa chakula cha ng'ombe wala kwa harambee. Tatu, dereva ana daftari. Kila Jumamosi anaandika mafuta, maji, breki, tairi na ekzosi, na mama mweka hazina anatia sahihi. Dereva mwenyewe ndiye aliyependekeza daftari hilo, na yule mzee ndiye anayekuja kusikiliza injini ikiwashwa.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulikaribia kujenga ukuta ambao pesa haiwezi kuujenga.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Gari au pikipiki tunayoitumia, ekzosi yake imefika nyuma? Nani aliitazama mara ya mwisho?

2. Kitu cha kikundi kikiharibika, tunauliza kwanza nini: itagharimu pesa ngapi, au nani ataumia?

3. Kama dereva akiona hatari, ana ruhusa ya kukataa safari bila kupoteza kazi?

4. Tunaweza kutenga kiasi gani kwa kila safari kwa ajili ya mfuko wa gari?

Jadilini, mwandike majibu, na siku tutakapowatembelea tutaomba tuyaone. Nasi tutakuja na pikapu yetu ya ofisi. Mna ruhusa ya kuinama mtazame chini yake.